Majani Aliyejua Lugha Tatu

Mvua ya mawe ya Kericho haina adabu. Haibishi hodi, wala haiulizi nani alisuka nywele juzi. Mchana huo wa Aprili 2018 iliyapiga mabati ya mji mzima, na watu wakakimbilia kila mlango uliokuwa wazi. Mlango wa saiba ya Kepher ulikuwa wazi. Kufumba na kufumbua, chumba cha kompyuta kumi kikawa na watu thelathini, wengine na kabeji, wengine na fomu za kuchapisha, wote wakinuka sweta zilizolowa.

Nyathira hakuinua hata kichwa. Alikuwa kwenye kompyuta ya saba tangu asubuhi, binti wa mwenye duka la misumari na mabati, miaka ishirini na mmoja, kofia ya marvin ya rangi ya machungwa kichwani na kucha za zambarau. Kwenye skrini palikuwa na mnyama mdogo wa kijani, masikio ya ndama, mgongo wa nungunungu. Alikuwa amemnasa siku hiyo hiyo katika mchezo uitwao Bonde la Ukungu, ambao watu wa nchi nzima waliucheza pamoja mtandaoni, kila mmoja na mnyama wake wa kufuga na kufunza. Huyu wake alikuwa amempa kisogo.

"Sit!" Nyathira aliandika.

Mnyama akala nyasi.

"Sit! Sit, wewe!"

Mnyama akajilamba.

"Huyo hasikii Kizungu, sistangu," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka kwa hasira zake zote. Akaona kijana mrefu mwenye gambuti za mpira zilizojaa udongo mwekundu na vidole vilivyogeuka rangi kwa utomvu wa chai. Akasahau nusu ya hasira.

"Na wewe unajuaje?"

"Nilikuwa na wangu akatoroka. Hii gemu, ukikaa siku saba bila kumsemesha mnyama, anarudi msituni. Na akienda ameenda."

"Pole. Sasa nifanye nini?"

"Mfunze neno lenye uliambiwa nyumbani ukiwa mtoto. Gemu haijali lugha. Ukirudia, na umpe kitu akule, atashika. Hebu."

Aliinama juu ya bega lake, akinukia moshi na mvua, akaandika *Ikaransa*, akamtupia mnyama tunda. Akaandika tena. Mara ya sita, mnyama akaketi.

"Hiyo ni nini?"

"Kikisii. Keti."

"Yaani umenifanyia mnyama wangu Mkisii?"

"Basi mfunze Kikikuyu, asikuje kukukana."

Nyathira akacheka, akaandika *Uka*, njoo. Mvua ilipokatika, watu wote walitoka isipokuwa hao wawili. Kijana akasema anaitwa Sagini, na kwamba anabeba mashine ya kuvuna chai kwenye shamba moja nje ya mji. Mnyama walimwita Majani, kwa rangi yake na kwa kazi ya Sagini. Kabla Kepher hajafunga, walikuwa wamemwandikisha kwenye zizi la pamoja, ili kila mmoja aweze kumwita kwa simu yake.

Nani asiyekumbuka mapenzi ya umri ule? Mahindi ya kuchoma yaliyogawanywa katikati, mmoja akidai mwenzake amechukua upande mnono. Jumapili za kutembea kando ya chai, Nyathira na rinda la maua, Sagini na shati lililopigwa pasi hadi likang'aa. Nyathira aliporudi Nakuru kumalizia masomo ya ufamasia, simu ikawa ndiyo mkeka wao wa kukalia.

"Umemlisha mtoto?"

"Amekula. Anauliza mamake."

"Mwambie mamake amemiss babake."

"Ati? Network imepotea. Rudia hapo kwa babake."

"Umesikia, Sagini. Wacha ujanja."

Hata Mei ya mwaka uliofuata, mtihani wa mwisho ukafika. Nyathira akampigia.

"Bebi, wiki mbili hizi usinipigie wala usinitumie meseji. Nikisikia sauti yako, sisomi. Wewe nilindie Majani tu."

"Nimeahidi, mrembo wangu. Piga hiyo kitu."

Siku ya kumi, aliyeweka sheria akawa wa kwanza kuivunja. Nyathira alifungua mchezo maktabani, akaandika *Uka*. Majani akaja mbio. Lakini chini ya picha yake paliandikwa maneno anayoyajua, nayo yalikuwa matatu. Uka. Ikaransa. Nyon.

Mtoto wa Kericho haelezwi kwamba nyon ni njoo kwa Kipsigis. Neno hilo lilikuwa limeandikwa mara arobaini na tatu kwa siku sita, kutoka kwa simu ya Sagini, na katika siku hizo uka wala ikaransa haikuwa imeandikwa hata mara moja. Nyathira akamwona msichana kwa macho ya moyo, mwembamba, sauti laini, amelala kifuani pa Sagini akichezea simu.

"Ameleta mwingine mpaka ndani ya zizi letu!" alimlilia Phanice, waliyekaa naye chumba kimoja.

"Si umuulize kwanza?"

"Niulize nini? Mnyama hadanganyi."

Akaizuia namba ya Sagini, akaufuta mchezo, akafanya mtihani na macho yaliyovimba, akaenda kutafuta kazi Ruiru. Nyumbani akaagiza kwamba yeyote akimuulizia, waseme hawajui aliko. Ningependa kumtetea, lakini siwezi. Wivu ulikuwa na simu mkononi, na haukupiga.

Ikapita miaka sita.

Jumatano moja, Nyathira akiwa kazini kwenye duka la dawa Ruiru, alisoma kwenye simu kwamba Bonde la Ukungu litafungwa Jumamosi saa sita mchana, na kila kilichomo kitafutika. Aliupakua mchezo tena. Alijiambia anataka tu kuliona zizi tupu, roho itulie. Siku saba bila neno, mnyama ni wa msitu, sembuse miaka sita.

Majani alikuwemo. Amenona, manyoya yanang'aa. Chini yake: *Amri ya mwisho, Ikaransa. Leo saa moja asubuhi.*

Kwenye sanduku la barua palikuwa na ujumbe mmoja, wa Juni 2019. *Nimetoka hospitali Kapkatet. Mikono imepona kiasi. Sikukusumbua, vile ulisema. Mtihani ulienda aje?*

Nyathira aliketi juu ya katoni ya dawa. Alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Namba ile alikuwa ameizuia, lakini kichwani haikuwahi kumtoka. Akaipiga.

"Haloo?"

"Sagini."

"Hiyo sauti bado ina hasira ya kompyuta ya saba."

"Ulikuwa hospitali?"

"Niliteleza na mashine, kwa mteremko. Mikono yote miwili ikavunjika. Plasta kutoka vidole mpaka kwa kiwiko."

"Na nani alikuwa anamwita Majani nyon?"

"Mzee Mosonik. Alikuwa kitanda cha pili. Nilimwomba anibonyezee simu, siku saba zisiishe. Nikamwambia aandike uka. Akakataa kabisa! Akasema mnyama wa huku lazima asikie Kipsigis, ama atapotea. Alikuwa anaiita hata daktari akiwa hapo."

Nyathira alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakimaliza.

"Mimi nilifikiri ni msichana."

"Huyo msichana ako na miaka themanini na mbili, na meno manne."

"Mbona hukunitafuta?"

"Nilikuja dukani kwenu mara tatu. Ya tatu babako akaniuliza kama nataka misumari. Nikajua nimefukuzwa. Nikasema labda umepata mtu hana gambuti."

"Na ukaendelea kumlisha."

"Uliniambia nikulindie Majani. Hukusema mpaka lini."

Sagini akaendelea polepole. Mikono haikuweza mashine tena, sasa alikuwa fundi wa simu Kapkatet. Kila Jumamosi alikwenda kwa Mzee Mosonik ili mzee amwite mnyama wake. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho.

"Niambie nije," Nyathira alisema.

"Ukuje tu, Nyathira. Hata saa hii."

Jumamosi saa sita kasorobo, mvua ikimwagika, alisimama kwenye geti la Mzee Mosonik, alikoelekezwa na Sagini, gauni la manjano limemganda magotini, marvin ya machungwa kichwani, imechakaa. Sagini akatoka barazani. Nywele zimepungua mbele, kiganja cha kushoto kimepinda kidogo. Nyathira angemjua hata gizani.

"Uka," Sagini alisema, kwa Kikikuyu chake kibovu.

Nyathira alibaki getini akimtazama tu, akifikiria miaka sita aliyoitupa bila kuuliza swali moja.

"Nyon!" sauti ya kizee ikatoka ndani. "Kwani unataka mvua ikumalize? Chai inakuwa baridi!"

Nyathira akaenda.

Waliketi watatu kwenye benchi moja, simu ikiwa mapajani mwa mzee. Kila mmoja alimwita Majani kwa neno lake, na Majani akawatii wote. Saa sita ilipogonga, skrini ikawa nyeupe.

"Sasa ng'ombe yetu imeenda wapi?" Mzee Mosonik akauliza.

"Msituni, mzee," Sagini alisema. "Imeenda imeshiba."

Nyathira alikuwa akilia wazi, bila kuficha uso. Sagini akainuka, akakohoa, akatazama nje.

"Basi nikusindikize stejini. Magari ya kurudi Ruiru huisha mapema."

Nyathira alikishika kile kiganja kilichopinda, akakivuta chini taratibu.

"Ikaransa," alisema. "Mimi siendi popote."

Sagini akaketi.