Kola Nne Bila Shati

Habari hii nilisimuliwa na Chiriku mwenyewe, akiwa mtu mzima tayari, asubuhi moja ya mvua tulipokuwa tumekaa jikoni kwangu tukichambua maharage. Chiriku si jina alilopewa na wazazi wake. Majirani ndio waliompa, kwa sababu ya mdomo wake, maana mtoto huyo aliamka akisema na kulala akisema.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, akiishi na mama yake katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga. Siku zao zilifanana kama mayai. Mama aliondoka kabla jua halijachomoza, akiacha mkate umefunikwa kwa sahani. Chiriku alikula, akafagia, akafunga mlango, akaenda shule. Jioni mama alirudi kutoka kiwandani, nyuzi nyeupe zimemnata kwenye nywele, akaketi ukingoni mwa kitanda na kufumba macho. Chiriku alimmwagia habari zote za shule, nani kapigana na nani, nani kalia. Akimaliza humwuliza, "Na wewe, mama, kazini vipi?"

"Tumeshona mashati," mama hujibu. Basi, hapo ndipo mazungumzo hukatika.

Jumatatu moja mwalimu wao aliingia darasani na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Wazazi walikuwa wamekitoa ili watoto wanne watakaosoma shairi siku ya kufunga shule wavae mashati ya namna moja. Chiriku alikuwa mmoja wa hao wanne.

"Nani ana mzazi fundi wa nguo?" aliuliza mwalimu.

Chiriku alikuwa amekwisha simama. "Mama yangu, mwalimu! Anashona kiwandani. Shati zima analimaliza kabla chai haijapoa!"

"Chai ya nani hiyo, ya jana?" mtoto mmoja akamchokoza kutoka nyuma.

"Ya moto! Njoo kwetu uone, wewe usiye na vifungo!"

Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akatabasamu. Akamkabidhi kitambaa. "Mwambie mama tunayahitaji Jumatatu ijayo. Na umwambie kitambaa ni hicho tu, hakuna kingine."

Jioni Chiriku alimpa mama yake kile kitambaa na kumsimulia jinsi alivyomsifia. Mama alikishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa sufuria ya moto.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba unajua. Kwani hujui?"

Mama alimrudishia kitambaa. "Weka hapo mezani," akasema.

Jumanne mama alikwenda nacho kazini. Jumatano aliporudi, Chiriku hakuweza kungoja. Mama alipokwenda uani kuoga, mtoto akaufungua mkoba wake wa kazini. Ndani alikuta kitambaa, lakini kilikuwa kimekatwa katikati, kimebaki na tundu kama dirisha. Juu yake zililala kola nne. Zilikuwa zimeshonwa vizuri ajabu, ncha zake kali, mishono imenyooka kama imepigwa rula. Akakung'uta mkoba. Hakukuwa na kitu kingine.

"Mama," akamwambia aliporudi, "mashati yako wapi?"

Mama alisimama mlangoni, maji yakimdondoka. "Nimeshona ninachokijua."

"Lakini hizi ni kola."

"Ndiyo, mwanangu. Mimi nashona kola. Mwaka wa tisa sasa, kola tu. Asubuhi naletewa vipande vimekwisha katwa, nashona, natupa kwenye sanduku. Sanduku likijaa linaondoka. Likienda wapi, likafanywa nini, sijui. Shati zima sijawahi kulishona maishani mwangu."

Chiriku alikaa chini. Mama naye akaketi, na siku hiyo maneno yalimtoka kama maji yaliyotoboa ukingo. Alimwambia kwamba madirisha ya kiwanda yamepakwa rangi nyeupe mpaka juu ili watu wasiangalie nje. Alimwambia juu ya kibao cha mbao unachopaswa kukishika ndipo uruhusiwe kwenda msalani, kibao kimoja kwa watu arobaini. Humo ndani hakuna anayeita mwenzake kwa jina. Huyu ni Mikono, yule ni Vifungo, na yeye mwenyewe wanamwita Kola.

"Si ungeomba kuhamishwa?"

"Niliomba. Msimamizi akaniambia, 'Kola zako hazina kasoro hata moja. Nikuhamishe ili iweje?' Ningekuwa mzembe ningekwisha hamishwa zamani." Mama akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Na usidhani naichukia siku nzima. Ncha ya kola ikitoka kali kama mdomo wa ndege, moyo wangu unapoa. Halafu inaangukia sandukuni, nami naanza nyingine."

"Sasa tutamwambia nini mwalimu?" Chiriku akauliza. Palepale akajijibu, maana ulimi wake haukuwa na breki. "Tuseme tuliazima cherehani, ikaharibika!"

Mama alijua kwamba hilo halifai. Lakini alikuwa amechoka, tena ameona aibu. "Sema hivyo," akajibu.

Basi Alhamisi Chiriku akasema hivyo. Mwalimu alimsikiliza, akamshika bega kwa huruma. "Pole sana. Mwambie mama asihangaike. Kwangu iko cherehani ya mkono. Jumapili asubuhi nitaileta mwenyewe, nikae pale nimtazame akishona. Nimetamani kujifunza siku nyingi."

Chiriku akaitikia kwa kichwa, akatoka. Njiani aliona kama amejifungia chumbani na kuutupa ufunguo kisimani kupitia dirishani.

Mama alipoisikia habari hiyo hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliketi tu akitazama ukuta. "Uongo wa jana ulikuwa mmoja," akasema. "Leo unataka mwenzake." Kisha akaongeza, "Hautampata."

Ijumaa jioni alirudi na sura nyingine. "Nimewaambia wenzangu wakati wa chakula," alimweleza Chiriku. "Mikono alicheka mpaka msimamizi akageuka. Halafu akaacha kucheka ghafla. Unajua aliniambia nini? Watoto wake nao wanadhani anashona mashati. Na mume wa Vifungo vilevile. Kumbe sote tunadanganyana majumbani kwetu! Watakuja Jumapili."

Na kweli wakaja. Wa kwanza alikuwa Mikono, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye kwa miaka saba alishona mikono mirefu na kufunga mbavu za shati, yaani kuunganisha pande zake. Alifuatana na Vifungo, msichana mwembamba wa maneno machache. Nyuma yao alikuja Mzee Mkasi, mkataji wa kiwanda, amevaa koti kana kwamba ameitwa harusini.

Hata kabla hawajakaa vizuri, mwalimu akabisha hodi, ameibeba cherehani begani, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mwalimu," Chiriku akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Nipokeeni, bega linakatika."

Mama hakungoja mgeni aketi. "Mwalimu, nisikilize kabla hujapumzika. Hakuna cherehani iliyoharibika. Mimi sijui kushona shati. Kazi yangu ni kola tu. Nilikata kitambaa cha shule bila kujua, nikakiharibu."

"Na uongo wa cherehani niliutunga mimi," Chiriku akadakia, machozi yakimlenga.

"Nami mtu mzima nikauruhusu," mama akamalizia.

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, akajipapasa bega. "Yaani nimebeba chuma hiki kutoka kwangu mpaka hapa, na hakuna kilichoharibika?"

"Kitambaa, mwalimu," Mikono akajibu. "Hicho kimeharibika kabisa."

Mwalimu akajaribu kukaza uso, lakini kicheko kikamshinda. Akavuta kigoda. "Nitawaambia siri. Nimefundisha darasa hilihili moja miaka kumi na mmoja. Ukinipeleka darasa la juu yake, nitatetemeka. Haya, tuangalie huo uharibifu."

Mzee Mkasi alikitandaza kitambaa sakafuni. Akalizunguka lile tundu mara mbili akitikisa kichwa. "Nani anakata kola katikati ya jora? Kola hutoka pembeni, kwenye mabaki!"

"Kwangu zinaletwa zimekatwa, mzee wangu. Ningejuaje?"

"Basi mikono mirefu haipatikani tena. Mifupi, labda."

"Mifupi!" Mikono akapiga mayowe. "Miaka saba ya mikono mirefu, leo mwaniita nishone vijisehemu vya mtoto mchanga?"

"Nyamaza, dada, nipige chaki." Lakini Mzee Mkasi aliposhika mkasi, akaurudisha chini. Kiwandani hukata kwa mashine ya umeme, vitambaa themanini kwa mpigo. "Themanini sikosei," alinong'ona. "Kimoja kinanitisha." Alivuta pumzi, akakata polepole, na kila kipande kikatoka sawa.

Tatizo likawa jingine. Vipande vilikuwa vimelala sakafuni, na hakuna aliyejua kipi kinaanza. Walibishana mpaka Chiriku akamwuliza Mikono, "Kwani shati likikufikia wewe huwa lina nini tayari?"

Wote wakamgeukia.

"Likinifikia mimi," Mikono akasema taratibu, "lina mabega, lina kola. Mikono halina, na mbavu ziko wazi."

"Likinifikia mimi lina kila kitu," Vifungo akasema, "ila halifungiki."

"Basi Mikono yuko mbele ya Vifungo," mwalimu akasema. "Na kabla ya Mikono kuna nani?"

Wakatazamana. Kabla yake kulikuwa na mtu wa mabega, anayeunganisha mbele na nyuma, kisha anapachika kola. Naye hakuja, kwa sababu hakuna aliyemfahamu. Kiwandani alikaa upande wa pili wa ukuta.

"Nitajaribu mimi," akasema mama yake Chiriku.

Aliketi kwenye cherehani. Mwalimu akazungusha mpini. Bega la kwanza likapinda kama njia ya ng'ombe. Akalifumua. Mara ya pili likavutika na kufanya mikunjo. Akalifumua tena, jasho limemjaa kwenye paji la uso. Mara ya tatu mshono ukanyooka. Kisha akachukua kola moja, akaizungusha shingoni mwa shati, akaishona polepole mpaka ikafika mwisho na kukutana sawasawa.

Aliacha kushona, akaiinua juu kwenye mwanga wa mlango. Miaka tisa alikuwa ameshona maelfu ya kola, na hiyo ilikuwa ya kwanza kuiona imekaa juu ya mabega.

"Kumbe ndipo inapokaa," akasema.

Kazi ikaenda. Mikono alishona mikono mifupi akinung'unika, akafunga mbavu. Vifungo akashona vifungo kwa mkono, haraka kama kuku anayedonoa. Chiriku alikata nyuzi zilizobaki. Jua lilipoanza kuinama, mashati manne yalikuwa yamening'inia kwenye kamba, na Mikono aliomba avalishwe moja japo halikupita hata kichwani.

Wageni walipoaga, mwalimu alimshika Chiriku mkono. "Siku ya kufunga shule utawaeleza watu kwa nini mikono ni mifupi. Ukweli wote."

"Wote, mwalimu?"

"Na jina la kila aliyeshona."

Walibaki wawili. Mama alijilaza kitandani na viatu vyake, na Chiriku akavivua.

"Mama, kesho utarudi kwenye kola?"

"Nitarudi. Kengele ya kiwanda haina habari kwamba nimejifunza mabega. Lakini nitamwomba msimamizi tena. Akikataa, nitaomba tena mwezi ujao." Kisha akamgeukia. "Sikiliza, mwanangu. Wewe uliahidi kitu usichokijua, nami nikaona haya kusema sikijui. Kola si aibu. Kola inatulisha. Kosa langu lilikuwa kuificha. Mchana kutwa walinifungia wao kule, na nikirudi hapa nikajifungia mwenyewe. Ukweli ungetuuma Jumatatu, tukapona Jumanne. Sisi tulingoja mpaka mwalimu wa watu akabeba cherehani begani. Siku nyingine ukiona njia imekubana, sema mapema, maana wenye kukusaidia hawawezi kuja kama hawajui."

"Nimesikia, mama. Na nitasema wewe ndiye uliyeshona mabega, na kwamba bega la kwanza..."

Lakini mama alikuwa amekwisha sinzia. Chiriku akashusha sauti. Alijisogeza kando yake, akaanza kujikumbusha shairi lake kwa kunong'ona. Ubeti wa pili haukufika mwisho, naye akalala.