Mwako wa Bluu Kidoleni

Sonara alizima taa, jiwe halikuzimika.

Si kwa muda mrefu. Ukihesabu moja mpaka nne hivi. Lakini Bisibisi aliona, na sonara naye akaona kwamba ameonekana, akaifunika pete kwa kiganja kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

"Hiyo ni kawaida?" Bisibisi akauliza.

"Kawaida kabisa, bosi. Almasi nyingine zina mwako. Ukizipiga taa hii ya zambarau zinawaka bluu. Na cheti kimesema, soma mwenyewe: mwako mkali. Ndo maana bei yake ni ya kirafiki."

"Mi nauliza baada ya kuzima taa."

"Nikufungie kiboksi chekundu au cheusi?"

Bisibisi alikuwa fundi simu, na jina alilipata kwa sababu bisibisi haikukosekana nyuma ya sikio lake hata siku ya mapumziko. Mikono yake ilitulia; angeweza kufunga skrubu ndogo kama yai la mdudu huku anapiga soga. Roho ndo haikutulia. Akifunga mlango lazima arudi kuutikisa. Akichemsha yai atalipasua kuona kama limeiva, halafu atachemsha lingine kwa sababu lile kashalipasua.

Sasa mtu wa namna hiyo umpe almasi yenye mwako!

Alikuwa amesikia kwamba jiwe lenye mwako mkali, likiwekwa juani, linaweza kufanya ukungu, likafanana na kioo kilichopanguswa kwa kitambaa cha jikoni. Na pete ilikuwa ya mchumba wake, fundi kucha kwenye saluni ya shangazi yake, shangazi mwenye mdomo wa kumvua mtu nguo mbele za watu. Huyo akisema "hii chupa" mara moja tu, imekwisha. Mtaa mzima utajua kabla ya jioni.

Basi akaanza kulikagua. Kibandani kwake nyuma ya pazia alikuwa na kitochi cha zambarau, kile cha kukaushia gundi ya vioo vya simu. Anavuta pazia, anamulika, jiwe linawaka bluu kama moto wa gesi. Anazima. Moja, mbili, tatu, nne, linalala. Anarudia. Kesho yake likakawia mpaka sita. Keshokutwa kumi.

Na kwa kuwa kuposa nako kunataka mazoezi, akawa anajizoeza hapohapo. Anainua pete usawa wa macho, anaimulika, anasema polepole:

"Nakupenda. Sina kikubwa, lakini nilicho nacho ni chako. Nakuomba uwe mke wangu."

Alirudia kama mtu anayejaribu maikrofoni. Alipomaliza mara ya saba akasikia ukucha unagonga kioo cha meza. Tik. Akajua mteja. Akafungua pazia.

Hapakuwa na mtu.

*

Siku yenyewe ilipofika alienda saluni mchana. Wateja wawili, shangazi kwenye kiti chake, mchumba ameinama juu ya vidole vya mtu. Maneno yote yakamtoka kichwani.

"We," akasema, "lete mkono."

"Unataka kunikata kucha?" mchumba akacheka. Alipoona pete akaacha kucheka, akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

Wateja wakapiga makofi. Shangazi akanyanyuka, akamvuta binti kwa mkono mpaka mlangoni, juani, akageuza kile kidole huku na huku. Bisibisi akahisi jasho linatafuta njia mgongoni.

"Si chupa," shangazi akasema.

Jamaa karibu alie.

Kitu kimoja tu hakukifikiria, yeye mwenye kufikiria kila kitu. Kwenye saluni ya kucha kuna taa ya kukaushia rangi: kiboksi kama tanuri la mkate mmoja, unaingiza mkono, kinawaka zambarau kwa dakika moja, kinazimika chenyewe. Na fundi kucha hujaribia rangi kwenye kucha zake. Mara ishirini kwa siku mkono wake ulikuwa humo ndani, pete ikiwemo.

Mwanzoni watu walipenda. "Jamani, linawaka!" Halafu ikaja harufu, ya ukucha ulioungua, hata asubuhi kabla hawajafungua kichupa chochote. Kisha kile kiboksi kikaanza kugonga kwa ndani. Tik. Tik. Siku moja mteja akauchomoa mkono wake kwa nguvu, rangi ikapaka meza nzima.

"Kuna mtu kanishika humu!"

"Utashikwa na nani ndani ya boksi?" shangazi akamwambia. "We hujashikwa mkono siku nyingi, ndo tatizo."

"Mkono wa baridi, shangazi. Una kucha ndefu."

Walicheka, lakini yule mteja hakurudi. Wiki hiyohiyo kidole cha mchumba kikapoa. Pete ikakataa kutoka, kwa sabuni, kwa mafuta, kwa uzi. Baridi ikashuka kiganjani, ikafika kwenye kifundo, na binti mwenyewe akawa anasema ni uchovu tu, msinisumbue.

Siku Bisibisi alipompelekea chakula cha mchana alimkuta peke yake, mkono ndani ya kiboksi, na dakika ikaisha, na taa ikazimika kwa ule mlio wake mdogo, lakini chini ya vile vidole mwanga wa bluu ukabaki, ukapanda taratibu kwenye mishipa ya mkono kama maji yanayopanda kwenye kitambaa, na mchumba wake akainua macho, akamwangalia bila kupepesa, akasema kwa sauti ya chini na tamu ambayo haikuwa yake:

"Sina kikubwa, lakini nilicho nacho ni chako."

Chakula kikamponyoka. Maneno yale hakuwahi kumwambia binadamu yeyote.

*

"Usipige kelele," shangazi alimnong'oneza nje ya mlango. Mdomo wote umemwisha. "Tangu lini anaongea hivyo?"

"Nimesikia leo tu."

"Mi nimesikia jana. Alikuwa anajiimbia bafuni, na sauti zilikuwa mbili."

Shangazi alimjua mganga, mama mmoja wa makamo aliyekaa ghorofa ya tatu, mwenye miwani ya kusomea na daftari, anayekuhoji kama daktari. Walipompelekea binti, mganga alimshika mkono, akapima kwa vidole baridi imefika wapi. Ilikuwa kwenye kiwiko. Akamgeukia Bisibisi.

"Jiwe hili uliliwasha mara ngapi?"

"Sikumbuki, mama. Nyingi."

"Ukiliwasha ulikuwa unasema nini?"

Bisibisi akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa najizoeza."

"Kufanya nini?"

"Kuposa."

"Huku unaliangalia jiwe."

"Ndiyo."

"Mungu wangu," shangazi akasema. "Mwanaume kaposa pete!"

Mganga hakucheka. "Na huyu binti ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... lete mkono."

Mganga akavua miwani. "Humo mna jini, mwanamke. Amekaa gizani miaka usiyoijua. Akaja mtu akamwashia taa, akamwambia anapendwa, akamwomba awe mke, si mara moja. Mwanangu, angefanyaje? Amekukubali. Sasa anamwona mwenzake kakivaa kitu alichoposewa yeye. Baridi ikifika kwapani, huyu atatoka na yule ataingia. Ndoa utafunga, usijali. Ila hutamwoa huyu."

"Nifanyeje?"

"Posa huvunjwa na aliyeposa. Mwambie umevunja, mwanga wake ukiwa unawaka. Halafu mwombe huyu binti, kwa mdomo wako, mwenyewe akisikia. Na yule jini akidai kitu, usibishane naye."

*

Walifunga saluni saa sita mchana, jua kali linachungulia chini ya mlango. Shangazi alikaa na waya wa kiboksi mkononi, tayari kuuchomoa. Mganga akamwingiza binti mkono humo, akabonyeza.

Zambarau ikawaka, na ndani yake bluu, na harufu ya ukucha ulioungua ikajaa chumba mpaka macho yakatoa machozi, na kile kiboksi kikaanza kugonga, tik tik tik tik, kisha meza ikagonga, kisha vile vichupa vyote vya rangi kwenye rafu vikagonga pamoja kana kwamba nyuma ya kila kioo kuna kidole kinachotaka kufunguliwa, na Bisibisi, shati limemganda mgongoni, anaona ule mwanga umeshapita kiwiko na unapanda, akafumba ngumi akapiga kelele:

"Nimevunja! Sikukuposa wewe! Nimevunja!"

Kugonga kukakoma.

Binti akageuza shingo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa yake.

"Ulisema mara saba," ile sauti ikasema. "Hakuna aliyewahi kuniambia. Naondoka. Lakini maneno uliyonipa sirudishi."

Bluu ikashuka mkononi haraka, ikakusanyika kwenye jiwe, na pete ikateleza yenyewe, ikaanguka mezani. Jiwe lilikuwa jeusi, limepasuka katikati. Shangazi akauchomoa waya. Mganga akapima mkono: joto, mpaka kwenye ncha za vidole.

"Bisi," mchumba akaita, kwa sauti yake mwenyewe, imechoka. "Nimeota baridi."

"Sasa," mganga akamwambia Bisibisi. "Mwambie."

Bisibisi akapiga magoti. Akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umelala kama mbao. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, hata pumzi haikufanya mlio: jini alikuwa ameondoka na maneno, na sauti nayo.

Mchumba wake akamtazama, akaanza kutabasamu.

"Umeshaanza. Siku ile nayo ulikuwa hivihivi." Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti naye, akaegemeza paji la uso kwenye kifua cha Bisibisi na kufumba macho. "Basi nitauliza mimi. We fundi, mwenye kukagua kila kitu. Utanioa?"

Bisibisi akatikisa kichwa kukubali, akatikisa na kutikisa, lakini binti alikuwa amefumba macho.

Na kutoka ndani ya kile kiboksi, waya wake ukiwa unaning'inia mkononi mwa shangazi, sauti ya Bisibisi mwenyewe, nzuri, tulivu, ikasema:

"Nitakuoa."

Binti akamkumbatia kwa nguvu.

"Nimesikia," akasema.