Mawe Saba ya Mzee Lugata

Funo, yule paa mdogo wa vichakani, alikuwa amelala chini ya mti wa mninga, na nyamavu ikampita hatua nne tu kutoka puani bila yeye kutikisa sikio.

Nyamavu ndilo jina ambalo watu wa Ilunde waliipa baiskeli ya umeme ya Kalunde, na waliipa kwa haki. Haikuwa na mnyororo wala upepo ndani ya matairi. Magurudumu yake yalikuwa ya mpira-sifongo, yakibonyea kwenye kila kisiki na kurudi kama yalivyokuwa. Betri yake ya chumvi ilikwenda kilomita mia mbili kabla ya kudai jua, na juu ya usukani palikaa jicho-joto, kioo kidogo kinachoonyesha joto la kila mnyama aliyejificha vichakani. Ukimkimbiza mnyama kwa chombo hiki, wa kuchoka ni yeye.

Nyuma ya Kalunde, amefungwa mkanda kwenye kiti, alikaa baba yake. Mzee Lugata alikuwa mwindaji miaka arobaini, mpaka nyonga ilipovunjika. Mwaka ule wa 2083 hospitali zilichapisha mifupa kama watu wanavyofyatua matofali, lakini mwili wake uliikataa nyonga mpya mara mbili. Tangu hapo alikaa barazani akitazama upande wa msitu. Kila alasiri aliuliza, "Huko Kasisi mvua imenyesha?" Nani angejua? Kasisi ni kidimbwi kilicho mwendo wa siku mbili kwa mguu, ambako palahala weusi, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, hushuka kunywa maji. Kalunde alikuwa mhandisi, na swali lile lilimchoma. Akaacha kazi nzuri mjini, akatumia miaka minane kulijibu.

Tatizo lilikuwa sheria. Chombo chenye mota hakikuruhusiwa ndani ya kitalu cha uwindaji, na ombi la Mzee Lugata la kuibadilisha liliigawa Ilunde mapande mawili. Wengine walisema nyamavu haina moshi wala kelele, nyama itafika nyumbani kabla ya kuoza, na vilema na wazee nao ni watu. Wengine wakasema palahala wa Kasisi hawalindwi na askari wala uzio, wanalindwa na umbali. Mtu hawezi kubeba nyama nyingi siku mbili begani, basi. Afisa wanyamapori, Bwana Pazi, akatoa kibali cha safari moja ya majaribio, bila silaha, siku moja kabla ya mkutano wa kijiji wa kuliamua ombi.

Asubuhi hiyo Mzee Lugata alichechemea uani akaokota mawe saba, akayatia mfukoni mwa koti. Ndiyo desturi ya Ilunde. Njia ya Kasisi ina marundo saba ya mawe, na kwenye kila rundo mwindaji hupumzika, huweka jiwe lake, na kumtaja kwa jina aliyemfundisha njia. Marundo mengine yamemzidi mtu kimo.

Walifika kwa saa tatu.

Palahala walikuwepo, kumi na mmoja, maji yakiwafika magotini. Wakainua vichwa, wakaitazama nyamavu, wakaendelea kunywa.

"Hawakimbii," Mzee Lugata alinong'ona.

"Hawaisikii, Baba. Wala hawaijui."

Mzee alitazama kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali. Kalunde naye akalia, kwa furaha, maana ni siku hii aliyoifanyia kazi. Kisha akaona baba yake ametia mkono mfukoni na kuuacha humo.

"Kuna nini?"

Mzee akatoa mawe, akayahesabu kiganjani. Yote saba.

"Sikuliona hata rundo moja," alisema. "Ulipita wapi?"

"Njia ni ile ile, Baba. Tumeyapita yote."

"Nilikuwa naangalia kile kioo chako, wanyama wamejaa. Nikampita baba yangu. Nikampita kaka yangu Msonde. Sikuwataja." Akayarudisha mawe mfukoni. "Twende nyumbani, mwanangu."

Kesho yake mkutano ulijaa ndani ya ghala la zamani la tumbaku. Bwana Pazi, Mzaramo wa watu na mtani wa Wanyamwezi wa Ilunde, hakuanza kazi bila utani.

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu begani kutoka huku mpaka kwetu pwani, tena wakiimba. Leo Mnyamwezi anaomba abebwe. Kweli dunia imekwisha."

"Na nyinyi mlikuwa mmekaa mnatusubiri," Mzee Lugata alijibu. "Mpaka leo hamjasimama."

Ghala zima likacheka. Kicheko kilipoisha, Pazi alimpa nafasi, kwa kuwa ombi lilikuwa la kwake.

Mzee akasimama kwa shida, akapanga mawe saba juu ya meza. "Mashine ya mwanangu haina kasoro," alisema. "Imenipeleka. Nimewaona palahala, na roho yangu ilitaka kuua. Nisingekuwa mikono mitupu, ningewamaliza kabla ya chai, na kesho ningerudi. Zamani ukifika Kasisi umechoka, umeshawataja waliokutangulia, unaona aibu kuchukua zaidi ya mmoja. Jana sikuwa na aibu. Ombi langu naliondoa."

"Mzee, unajua maana yake," Pazi alisema, bila utani sasa. "Kule huendi tena."

"Najua. Na kule nakutamani kuliko jana."

Kalunde alitoka nje. Baba yake alimkuta ameegemea nyamavu.

"Niliiunda kwa ajili yako," alisema. "Miaka minane, Baba. Umenivunja moyo."

"Nimeuvunja. Nisamehe." Akamtilia mawe mkononi. "Lakini miguu yako ni mizima, na njia hii hujawahi kuitembea hata siku moja. Hilo kosa ni langu, sikukufundisha."

Waliondoka alfajiri ya siku iliyofuata, kwa miguu. Rundo la kwanza liko mwendo wa nusu saa; Mzee Lugata na mkongojo wake walilifikia jua limeshakuwa kali. Akachukua jiwe moja, akaliweka, akamtaja baba yake kwa sauti. Kisha akaketi, akanyoosha mguu mbovu.

"Mimi mwisho wangu hapa," alisema. "Ukifika uniangalizie kama mvua imenyesha."

Kalunde aliyafunga mawe sita yaliyobaki kwenye pindo la kanga, akaenda. Kwenye rundo la pili alipumzika kama inavyotakiwa, akaweka jiwe, akataja jina la Lugata.