Aliyeingia kwa Waya

Redio iliyochomolewa haina sababu ya kuwa na joto. Zuena hakuwa amesomea umeme, lakini hilo alilijua, na alipokuwa akiipangusa vumbi asubuhi ile aliuondoa mkono haraka. Ilikuwa na joto la mtu mwenye homa, nayo ilinuka nywele zilizoungua.

Mumewe Isihaka, muuza vitambaa mjini Mbeya, aliileta redio hiyo kutoka Iringa juu ya lori, ameipakata njia nzima utadhani bibi harusi. Fundi Liberatus ndiye aliyeifunga: plagi ukutani, na waya wa kunasia sauti ukapita dirishani mpaka juu ya mkaratusi nyuma ya nyumba.

"Mvua ikianza kunguruma, chomoa vyote viwili," fundi alimwambia. "Radi ikipita kwenye waya, redio huna tena."

Isihaka aliitikia, ila majivuno yalikwisha kumziba masikio. Baraza limejaa watu waliokuja kusikiliza taarabu, nani atamsikiliza fundi?

Mvua ya kwanza ya ngurumo ilipokuja, walifanya kama walivyofundishwa na wazazi wao. Wakafunika vioo kwa kanga, wakafunika masufuria yanayong'aa, na redio nayo, kwa kuwa ina kioo, wakaitupia kanga. Waya hakuna aliyeukumbuka. Radi ikapiga mkaratusi, nyumba nzima ikawa nyeupe, lakini redio haikuungua. Isihaka akacheka, akasema kanga ya mke wake inamshinda fundi.

Kesho yake, asubuhi ile ya kupangusa vumbi, joto likaanza, naye akaacha kucheka, akalikumbuka onyo la fundi. Tangu hapo wingu likigusa tu mlima Loleza, anachomoa waya na plagi. Na kila alipochomoa, redio ilianza kupumua.

Mwanahawa, binti yao wa pekee, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha maneno, alikuwa akienda kuketi mbele yake na kuitikia, "Naam. Naam," kwa sauti nzito ya kiume. Akaacha kula. Wakamhamishia kwa jirani, akazimia kizingitini, akazinduka aliporudishwa ndani. Isihaka akaibeba redio akaitupe, mtoto akatokwa na damu puani mpaka ilipowekwa tena mezani. Zuena akaelewa kwamba hawana pa kukimbilia, na kwamba mwanawe anamalizika mbele ya macho yake.

Ndipo akaitwa Bibi Tupokigwe, mganga wa radi kutoka Rungwe. Alisimama mlangoni, akanusa, akasalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama. Aliingilia wapi?"

Zuena akaonyesha waya.

"Mkamfunika?"

"Kwa kanga, bibi."

Bibi akatikisa kichwa. "Huyu hushuka na radi, hurudi na radi. Sasa ndugu zake wakija kumchukua, ninyi mnachomoa. Mnamfungia wenyewe! Afanyeje? Anatafuta mtu wa kukaa ndani yake." Akamtazama mtoto. "Mvua ijayo uacheni waya ulipo. Apite. Na asiushike mtu."

"Redio itaungua?" Isihaka aliuliza.

"Baba Hawa!" Zuena alinong'ona, aibu imemjaa.

"Nauliza tu, mke wangu. Nimesikia. Siugusi."

Mvua ikaja mchana, baada ya adhuhuri, na giza likaingia chumbani. Walikaa watatu sakafuni, waya umechomekwa, na Zuena akamkumbatia mwanawe huku akisikia ile pumzi ikitoka mezani, kisha ikitoka mezani na pia kifuani mwa mtoto, zote mbili kwa pamoja, zikienda mbio kila ngurumo ilivyosogea, na ile harufu ya nywele ikazidi mpaka machozi yakamtoka, na mtoto akaanza kucheka cheko la mtu mzima anayesikia wageni wake wakibisha hodi, na paa likatetemeka, na Isihaka, ambaye mkono wake ulikwisha kuzoea na mkono uliozoea hauombi ruhusa, akaruka akauchomoa waya.

Pumzi zote mbili zikakatika.

"Umefanya nini?" Zuena alinong'ona. "Baba Hawa, umefanya nini?"

Isihaka alisimama na waya mkononi, kisha akauangusha. Mwanahawa alikuwa amelegea, macho yamegeuka, kifua hakipandi. Zuena hakufikiri. Alimlaza chini, akauokota waya, akausukuma mahali pake kwa vidole vitupu, na radi ikapiga.

Kisha kukawa kimya. Redio ilikuwa ikifuka moshi, kioo kimepasuka.

"Mama," Mwanahawa alisema, kwa kisauti chake mwenyewe. "Nataka uji."

Isihaka akaanguka kifudifudi, akalia kwa furaha bila haya. "Alhamdulillahi! Ametoka, Mama Hawa! Ametoka!"

Zuena alikuwa ameegemea ukuta. Alitaka kumwambia amtoe mtoto nje, akimbie naye, asigeuke nyuma. Maneno yakapanda mpaka kooni yakakwama, kwa kuwa kooni palikuwa na mtu tayari. Akasukuma kwa nguvu zake zote, wala ulimi haukumtii. Kisha akaisikia sauti yake, laini, tamu kuliko alivyowahi kuitumia, ikisema:

"Mlete mwanangu nimpakate."

Isihaka akafuta machozi, akamnyanyua mtoto, akampelekea.