Sauti ya Limi

Mchungahewa ilielea juu ya malisho ya Shinyanga Mpya, sahani ya chuma isiyo na mbawa, ikaita: "Hoo-yaa! Njooni, wanangu, njooni!" Mamia ya ng'ombe wakainua vichwa, wakageukia lambo. Hapakuwa na fimbo wala mbwa. Mashine ile ilipima joto la kila mnyama ikiwa angani, na iliita kwa sauti ya mwanamke.

Mwanamke mwenyewe alisimama nje ya uzio, mdomo ameufunga.

Limi alirekodiwa na mtoto wa kaka yake, Mhandisi Kisena, aliyeiunda mchungahewa. "Shangazi, jua halitakuchoma tena," alimwahidi. Ng'ombe walibaki mali ya ukoo; uchungaji tu ndio uliohamia kwenye mashine. Halafu ikaja amri ya kampuni iliyomwajiri Kisena: Limi asiwaite tena ng'ombe, maana sauti mbili zingevuruga mitambo. Tangu hapo alikuwa akija uzioni, akiwatazama, kisha akirudi kwenye nyumba ya ghorofa aliyopewa na kampuni hiyo bila kutamka jina hata la mmoja.

Siku hiyo Malunde, ng'ombe mweupe mwenye mabaka ya kijivu, alilala chini akisukuma. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, na ndama hatoki. Mchungahewa ilimpima, ikamhesabu mfu, ikawaita wenzake wasonge mbele. Mlinzichuma, roboti ya miguu minne, ikaanza kumjongelea ikammalize.

Limi akaruka uzio.

"Malunde, nipo!" alipaza sauti. "Kabula! Shija! Rudini, mwenzenu anakufa!"

Sauti ilikuwa ileile ya angani, ila hii ilijua majina. Kundi likasita. Kabula, ng'ombe mzee, akageuka kwanza, na wengine wakamfuata, wakamzunguka Malunde bega kwa bega. Mlinzichuma ikafika, ikajaribu kupenya huku na huku, ikasimama. Ilikuwa imeundwa isimguse ng'ombe mzima.

Limi akapiga magoti, akaingiza mkono, akaupapasa mguu wa ndama uliokunjika na kuunyoosha polepole. Malunde akapiga kelele. Mara ndama akaporomoka majanini, akapiga chafya.

Kisena alifika akihema. "Shangazi, umefanya nini? Mitambo yote imevurugika! Toka humo, tafadhali."

"Mlinzi wako angemuua."

"Hesabu zilionyesha hataishi."

"Mtazame basi. Anamlamba mwanawe."

Kisena akatazama. "Wakubwa wananisikiliza hapa," akasema, akigusa kidude sikioni. "Wanasema sauti ile ni mali ya kampuni. Ukiita tena, utakamatwa, na nyumba utaipoteza."

Limi akafuta mikono kwenye kanga, akambeba ndama kifuani.

"Ulipokuwa mdogo nilikunywesha maziwa ya bibi yake Malunde," alisema. "Waambie wakubwa zako nyumba waichukue. Koo ni langu, na ng'ombe ni wetu."

Akaita. Mchungahewa nayo ikaita, kwa nguvu zaidi, mpaka hewa ikatetemeka. Hakuna ng'ombe aliyeitazama. Malunde akainuka akiyumba, akamfuata ndama wake, na kundi zima likamfuata Limi kuelekea lango, likimzingira pande zote kiasi kwamba mlinzichuma nyingine zilizoletwa kumkamata hazikupata pa kupita.

"Kisena!" aliita kutoka katikati ya pembe. "Utafungua, au tulivunje?"

Kisena akang'oa kile kidude sikioni, akafungua lango.