Kisima Kilichotiwa Dawa

Kila Jumamosi asubuhi Kache alifagia mbele ya chumba chao cha kupanga, akaosha vyombo, akavaa sare, kisha akaenda chuo kikuu. Alikuwa kidato cha tatu. Yeye na wanafunzi wengine wachache wa sekondari za Kisauni na Changamwe walikuwa wamechaguliwa kuingia katika programu ya utafiti wa sayansi. Humo hakuna aliyekaririshwa majibu ya mtihani. Kila wawili walitafuta swali ambalo halijapata jibu, wakalifanyia kazi, na mwishoni wangesimama mbele ya wageni kueleza walichokiona.

Kache na mwenzake Bonface waliuliza: je, maji ya visima vya Bombolulu yana uchafu wa vyoo? Swali lilikuwa mlangoni pao. Ploti zilikatwa ndogo ndogo, kisima hapa, choo cha shimo pale, watu wakasongamana katikati. Bomba la maji liliahidiwa tangu bibi zao wakiwa wasichana. Walioahidi walizeeka, wakastaafu, wakazikwa kwa heshima. Bomba halikufika.

Kipimo chao kilikuwa chepesi. Maji yalitiwa katika chupa ndogo yenye kemikali, yakaachwa mahali penye joto. Yakiwa na uchafu wa choo, yaligeuka meusi.

Kisima cha mwisho kilikuwa cha Mama Dhahabu, mjane mkarimu aliyewaachia majirani wote wateke. Kache alikuwa mtoto aliyefunzwa adabu. Haingii uani mwa watu na chupa mkononi kama askari. Basi Ijumaa alipita kwanza kubisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Kesho, inshallah, nitakuja kuteka maji ya kupima. Yataonyeshwa kwa wageni chuoni."

"Wageni!" Mama Dhahabu alijifunga leso vizuri. "Haya, njoo. Hutaaibika."

Asubuhi yake, ndoo ilipopanda kutoka kisimani, Kache alisikia harufu kali, ile ya shati jeupe lililolowekwa dawa ya madoa. Alimtazama Mama Dhahabu. Mama Dhahabu alitabasamu kama mtu aliyetandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Kache aliona haya kuuliza. Alijaza chupa, akashukuru, akaondoka.

Chupa za visima vingine ziligeuka nyeusi tititi. Ya Mama Dhahabu ilibaki angavu.

"Ajabu!" alisema Madam Philister, mtafiti aliyewasimamia. "Kipo kati ya vyoo viwili, na ni safi! Kitieni alama ya kijani kwenye ramani. Tutawashauri jirani zake wote wanywe hapo."

Kache aliitazama ile chupa angavu. Changawa, mjukuu wa Mama Dhahabu, alikuwa hajaenda shule wiki nzima kwa kuharisha.

Nje, Kache alimweleza Bonface habari ya ile harufu.

"Zii, Kache! Nyamaza tu," alisema Bonface. "Chupa imesema safi. Si sisi tumesema. Ukifungua mdomo, kazi yetu yote inaenda."

"Na watu wakinywa?"

"Wamekuwa wakinywa tangu zamani."

Jibu hilo ndilo lililomrudisha Kache ndani. Alisema yote: hodi, harufu, haya. Madam Philister aliweka kalamu chini.

"Ulisikia harufu ukanyamaza?"

"Ndiyo, madam. Nilimstahi."

"Mkapime upya, dawa ikishaisha, na mwenyewe akubali. Akikataa, mtasimama mbele ya wageni mseme hamjui. Na huenda msipewe nafasi ya kuendelea mwakani."

Mama Dhahabu aliposikia, alisimama akashika kiuno.

"Kumbe nimekulea hapa uani ili uje uniumbue! Ulitaka nionekane nateka maji ya choo? Mbele ya wageni?"

"La, mama. Jina lako sitalitaja."

"Watajua! Bombolulu hii mtu akipiga chafya wanajua."

Ndani, Changawa aliita kwa sauti ya kukauka: "Bibi, maji." Mama Dhahabu alikwenda kwenye mtungi, akachota kikombe. Alikitazama kitambo, kisha akakirudisha bila kumpa mtoto, akawasha jiko.

"Njoo harufu ikiisha," alisema, mgongo ukiwa kwa Kache. "Sitatia kitu."

Safari hii chupa iligeuka nyeusi kama masizi.

Siku ya wageni, wenyeji wa Bombolulu nao wakiwa wamealikwa, Kache alieleza kazi yao na hakuficha kosa: kwamba alisikia harufu ya dawa akanyamaza, na ramani ikakaribia kuwapeleka watu kwenye ugonjwa. Bonface alionyesha chupa. Mgeni mmoja wa idara ya maji, aliyevaa tai, akauliza, "Na hicho kisima ni cha nani?"

"Tulikubaliana tusiseme," alijibu Kache.

Kiti kilikwaruza sakafu nyuma ukumbini. Mama Dhahabu alikuwa amesimama, amejifunga leso yake ya kanisani.

"Ni changu," alisema. "Mjukuu wangu amepona tangu nianze kuchemsha, na jirani zangu nimewaambia wachemshe. Hilo tumelifanya sisi. Lakini nikisafisha kisima siku ya wageni tu, wageni wanakwenda zao wamefurahi, na mimi nabaki na mtoto mgonjwa. Nilidhani aibu ni yangu. Si yangu. Ni ya aliyeahidi bomba akalala, na kila nilipomfichia niliendelea kumbembeleza." Alimgeukia Kache. "Ukweli husemwa, mwanangu, hata mbele ya unayemstahi. Nami nimeusema. Sasa huyo baba mwenye tai atueleze: bomba linakuja lini?"

Mgeni alishika tai yake. Ukumbi mzima ulimgeukia, ukangoja.