Kifaa Kiunoni mwa Mzee Usumani

Kila alasiri Gwiza alipotoka shuleni, alimfunga babu yake kifaa kidogo kiunoni. Babu, Mzee Usumani, alikuwa fundi cherehani mashuhuri hapa mtaani Biryogo kabla ya kuugua Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili. Sasa miguu yake ilikuwa ikiganda ghafla, hasa mlangoni. Walipotembea hadi msikitini na kurudi, kifaa kilipima hatua zake na kuzituma hospitalini kwa simu.

Safari hiyo fupi ilikula saa nzima. Gwiza aliwasikia wenzake wakiruka kamba, akajiona mfungwa. Siku moja akamwambia, "Babu, leo pumzika," akajifunga kifaa yeye mwenyewe, akaenda kuruka. Mjanja kweli! Kesho yake akarudia, na kesho kutwa.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Gwiza zilikuwa nne tu. Simu ililia. Alikuwa Mukagasana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule hospitalini.

"Hongera, Gwiza! Hatua za babu zimekuwa nzuri mno. Nilitaka kumwekea kwenye simu mdundo wa kumsaidia kutembea, lakini naona hauhitaji tena."

Simu ilipokatika, Gwiza aliwaza. Akisema, ataadhibiwa. Akinyamaza, babu atakosa tiba. Hakuona pa kutokea.

Adhana ikasikika. Babu aliinuka, akafika mlangoni, akakwama. Jasho lilimtoka.

"Babu, twende."

"Miguu iko inakataa. Yewe Gwiza, niko kama nimefungiwa ndani ya mwili wangu!"

Gwiza aliangua kilio. Yeye alichoshwa na saa moja tu; babu hakuwa na pa kutorokea hata dakika moja. Akamweleza yote, kisha akampigia Mukagasana na kuungama tena.

Mukagasana akasema, "Weka sauti kubwa. Natuma mdundo sasa hivi. Mzee, kila ukiusikia, kanyaga."

Ta, ta, ta, simu ikapiga. Babu alisikiliza, akainua mguu mmoja, kisha wa pili, akavuka kizingiti. Gwiza alifurahi hadi akapiga makofi.

"Sasa nisikilize, binti," Mukagasana alisema. "Kifaa hakijui kimefungwa kiunoni mwa nani. Sisi tunaamini mkono uliokifunga. Ukituletea uongo, tutatibu uongo, na mgonjwa atabaki na ugonjwa wake."